Makinikia tuliyalilia, simu mbovu mbona tunazitupa?

MWAKA 2017 Watanzania wengi walijifunza neno makinikia. Kabla ya hapo lilikuwa neno la watu wa migodini. Machi ya mwaka ule Serikali ilipiga marufuku mchanga huo wenye dhahabu, shaba na fedha kupelekwa nje ya nchi, makontena 277 yakazuiwa, kamati zikaundwa, ripoti zikasomwa Ikulu huku nchi nzima ikitazama kwenye televisheni. Kwa miezi kadhaa hapakuwa na kijiwe cha kahawa wala baraza la msikiti ambapo watu hawakubishana juu ya gramu ngapi zimo ndani ya kontena moja. Kwetu Shinyanga mjadala ule ulikuwa wa nyumbani, kwani makinikia yale yalitoka Bulyanhulu na Buzwagi, migodi yote miwili ikiwa ndani ya mkoa wetu.

Sina nia ya kufufua mjadala ule. Makubaliano yalifikiwa mwaka 2019, ikazaliwa kampuni ya Twiga ambayo Serikali ina hisa asilimia 16, na Buzwagi yenyewe ilifunga uzalishaji mwaka 2021. Ninachotaka kukumbusha ni hasira tuliyokuwa nayo. Hoja yetu ilikuwa nyepesi na ilikuwa ya haki: kitu chenye thamani kinaondoka kwetu kikiitwa mchanga.

Sasa, ndugu msomaji, hebu inuka ufungue droo ya kabati lako. Mle ndani, chini ya risiti za luku na funguo zisizojulikana ni za kufuli gani, kuna kitochi kilichokufa betri, kuna simu ya kupangusa iliyopasuka kioo, kuna chaja tatu ambazo hakuna anayekumbuka zilikuwa za nini, na pengine redio ya mkulima aliyoiacha marehemu babu. Kama droo yako ni safi, basi umeshavitupa, na huenda vimeshachomwa moto pamoja na maganda ya ndizi. Hayo nayo ni makinikia. Tofauti ni kwamba haya hayana kamati.

Nisidhaniwe natia chumvi. Shirika la jiolojia la Serikali ya Marekani lilichapisha mwaka 2006 makadirio ya madini yaliyomo ndani ya simu moja ya mkononi ya wakati ule, betri ikiwa imetolewa. Simu yenye uzito wa gramu 113 ilikuwa na shaba gramu 16, fedha gramu 0.35, na dhahabu gramu 0.034. Simu za leo zinatofautiana, nyingine zina pungufu ya hapo, lakini tuchukue hesabu hiyo kama kipimo. Tani moja ya simu hizo ina dhahabu takriban gramu 300. Mwamba wa dhahabu wa ukanda wetu huu, ule unaopasuliwa kwa baruti na kusagwa kwa mitambo ya mabilioni, huhesabiwa kuwa mzuri ukiwa na gramu chache tu kwa tani. Ukiwa na gramu tatu, maana yake ni kwamba dhahabu ya simu moja imehitaji zaidi ya kilo kumi na moja za mwamba kusagwa, achilia mbali mawe matupu yaliyoondolewa kwanza ili mwamba huo ufikiwe.

Kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha, niliwapa wanafunzi hesabu nyingine. Nisabu ya zaka ya dhahabu ni mithqali 20, ambazo wanazuoni wengi wa zama hizi wanazikadiria kuwa gramu 85. Gawanya gramu 85 kwa 0.034. Jibu ni simu 2,500 kamili. Sisemi kwamba simu ina zaka, asije mtu akaniandikia barua. Nasema simu 2,500 mbovu zilizolala kwenye droo za mtaa mmoja zimebeba dhahabu ya kiwango ambacho, lau ingekuwa kipande kimoja mkononi mwa mtu mmoja na mwaka ukapita, Allah (s.w.) angemdai haki ya masikini. Manispaa yetu ina simu mbovu ngapi? Tukumbuke pia kwamba usiku wa Juni 16, 2016 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilizizima simu feki nchi nzima. Kwa usiku mmoja simu zilizokuwa zikipiga na kupokea zikageuka vipande vya plastiki. Hatua ile ilikuwa na sababu zake, lakini sikumbuki kusikia katika mitaa yetu mtu akiuliza maiti zile zinazikwa wapi.

Hapa ndipo penye swali ambalo vijana wa kidato cha sita waliniuliza darasani, na ni swali zito kuliko linavyoonekana. Simu ni yangu. Nimeinunua kwa fedha yangu ya halali. Imeharibika kidogo, nimeichoka, naitupa. Nimemdhulumu nani? Mwizi ana aliyemuibia, mla riba ana anayemnyonya. Mimi niliyetupa simu yangu mwenyewe, mdai wangu ni nani?

Jibu jepesi ni kusoma aya za israfu na kumaliza kipindi. Katika Sura Al-Israa, aya ya 26 na 27, wabadhirifu wanahesabiwa kuwa ndugu wa mashetani, na hakuna neno kali zaidi ya hilo. Lakini kijana mwenye akili atakujibu kwamba israfu ni kula na kuvaa kupita kiasi, na yeye hajala simu. Ndiyo maana naona tuanzie mahali pengine. Katika hadithi aliyoisimulia Mughira bin Shu'ba (r.a.), iliyomo kwa Bukhari na Muslim, miongoni mwa mambo aliyochukizwa nayo Allah kwa waja wake ni kupoteza mali. Hadithi haikusema mali ya mtu mwingine. Imesema mali. Na katika Sura Al-Hadid, aya ya 7, waumini wanaamrishwa kutoa katika kile ambacho wamefanywa kuwa warithi wake, maana yake kilikuwa mikononi mwa wengine kabla yao na kitakuwa mikononi mwa wengine baada yao. Kwa mantiki hiyo umiliki wangu ni wa kweli, hakuna wa kuninyang'anya, ila si umiliki wa kuangamiza.

Ipo hadithi moja ambayo kila nikiisoma naiona kama imekuja kwa ajili ya zama hizi za simu. Ameisimulia Ibn Abbas (r.a.). Kijakazi aliyeachwa huru na Bibi Maimuna (r.a.) alipewa kondoo wa sadaka, kondoo akafa, akatupwa. Mtume (s.a.w.) akapita akamwona mzoga ule, akawauliza kwa nini hawakuchukua ngozi yake wakaitengeneza wakanufaika nayo. Wakamwambia kwamba ni mzoga. Akawabainishia kwamba kilichoharamishwa ni kuula.

Tuizingatie vizuri. Wale Maswahaba hawakuwa wabadhirifu. Walikuwa wacha Mungu waliotupa kitu kwa sababu ya dini, walidhani kwamba kifo cha kondoo kimemaliza kila kitu chake. Mtume (s.a.w.) aliwafundisha kutenganisha: kilichokufa kwa matumizi haya hakijafa kwa matumizi yale. Kisha ngozi yenyewe hainufaishi hivi hivi, inataka kutengenezwa, na kutengeneza ngozi ni kazi yenye harufu mbaya inayotaka fundi. Simu yenye bodi iliyoungua ina kioo kizima. Yenye kioo kilichovunjika ina bodi nzima, spika nzima, kamera nzima. Ile ambayo hakuna kitu kizima ndani yake bado ina shaba na dhahabu. Sisi tumeona imekufa, tukatupa kondoo mzima na ngozi yake.

Na bado sijamjibu kijana kuhusu mdai wake. Mdai yupo, ila hakai Shinyanga mjini. Agosti 2025, kwenye machimbo ya Nyandolwa, hapa hapa wilaya ya Shinyanga, ardhi iliporomoka ikawafukia watu 25 waliokuwa chini kwenye maduara. Wachache waliokolewa, ndugu wa waliobaki wakakaa juu ya shimo siku baada ya siku wakingoja. Kabla ya hapo, Novemba 2022, bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui lilibomoka, tope likaingia kwenye mashamba na nyumba za wanakijiji ambao hawajawahi kuvaa almasi hata kwa kuazima. Nendeni kwenye mialo ya wachimbaji wadogo kule Geita mkaone mawe yaliyosagwa kwenye karasha yakichanganywa na zebaki kwa mikono mitupu, kisha ile zebaki ikachomwa kwenye moto wa mkaa ili dhahabu ibaki. Mvuke wake unaingia mapafuni na kwenye mishipa ya fahamu, na mama mjamzito akiuvuta unamfikia aliye tumboni. Dunia imeweka mkataba wa kupunguza zebaki, ule wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017 na kupewa jina la mji wa Japani ambao watu wake walisumiwa kwa kula samaki. Na sisi samaki wetu wanatoka Ziwa Victoria.

Ukivuka kwa jirani zetu mambo ni makubwa zaidi. Ndani ya simu kuna kapasita ndogo kuliko punje ya mtama, zenye madini yaitwayo tantalamu, yanayotokana na koltani. Machimbo ya Rubaya, katika wilaya ya Masisi, Kivu ya Kaskazini, yanakadiriwa kutoa kama asilimia 15 ya koltani yote duniani. Aprili 2024 machimbo hayo yaliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na kodi ya kila gunia ikawa inalisha bunduki. Watu wanaokimbia vita vya huko tunawafahamu. Kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, mkoani Kigoma (jina lile lile la Nyarugusu ya Geita yenye dhahabu), imekuwa ikiwapokea Wakongomani tangu mwaka 1996. Kuna watoto waliozaliwa pale, wakaoa pale, wakazaa pale.

Kwa hiyo ninapoitupa simu ambayo ingetengenezwa kwa shilingi elfu tano, nimeifanya kazi ya watu hao kuwa bure. Mtu ameshuka mita arobaini chini ya ardhi kwa kamba, akapandisha jiwe, na mimi nimelirudisha ardhini Shinyanga likiwa limechanganyika na plastiki, mahali ambapo hakuna atakayelichimba tena. Kisha naingia dukani na kuagiza ashuke upya.

Mwalimu mwenzangu mmoja, mtu wa Geita, alinipinga hapa, na hoja yake si ya kupuuzwa. Alisema, "Ustadhi, wewe una mshahara. Watu wote wakianza kutengeneza simu za zamani na mahitaji yakashuka, mdogo wangu aliye kwenye duara atakula nini? Huyo unayemhurumia ndiye utakayemnyima ugali."

Nilimjibu kwa hesabu kwanza. Dhahabu inayotumika kwenye vifaa vya elektroniki ni chini ya moja ya kumi ya mahitaji yote ya dhahabu duniani kwa mwaka. Iliyobaki inakwenda kwenye mapambo, kwenye hazina za benki kuu na kwa watu wanaoiweka kama akiba. Mafundi simu wa Shinyanga hata wakifanya kazi usiku na mchana hawatafunga duara hata moja la Geita. Kwa hiyo hofu ya ugali haipo, lakini kwa upande mwingine lazima tuwe wakweli, wala matumaini ya kuiokoa dunia kwa njia hii hayapo. Anayesema ukibadilisha betri Kahama vita vitakoma Masisi anakudanganya. Mimi sisemi hivyo. Nasema hukumu ya kitendo changu haingojei matokeo ya dunia nzima. Anayetawadha ukingoni mwa mto anakatazwa kumwaga maji ovyo, ingawa mto hautapungua.

Isitoshe, nani aliyetuambia kwamba riziki iko kwenye kuchimba tu na kwenye kutengeneza haipo? Geita kuna neno magwangala. Ni mawe yanayotupwa na mgodi mkubwa kwa kuwa dhahabu yake ni kidogo mno kwa mitambo yao. Kwa miaka mingi wananchi wamegombania magwangala, watu wameumia kwa ajili yake, na suala likafika hadi kwa Rais Magufuli. Kwa mwenye mgodi ni taka, kwa mwenye nyundo na karai ni chakula cha jioni. Watu wa ukanda huu hawahitaji kufundishwa kwamba taka ya mmoja ni mali ya mwingine, wanalijua kwa migongo yao. Kinachonishangaza ni kwamba mtu huyo huyo aliyepiga foleni ya magwangala, simu yake ikizima anamwachia mtoto achezee kwenye matope.

Na magwangala ya namna hii yanaongezeka. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilieleza kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika robo. Kwa Afrika ni chini ya asilimia moja.

Sasa nije kwa fundi, maana yeye ndiye ninayetaka kumtetea. Kule Ulaya wamefika mahali ambapo ufundi wa mtaani ulikuwa umekaribia kufa. Mwaka 2009 mwanamke mmoja wa Uholanzi, Martine Postma, alianzisha mjini Amsterdam mikutano ambayo wenye ujuzi wanakaa ukumbini kwa kujitolea, watu wanaleta pasi na redio zao mbovu, wanazitengeneza pamoja huku wakinywa kahawa. Jambo lile limesambaa nchi nyingi. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwaka 2024 sheria ya haki ya kutengenezewa vifaa, na kuanzia mwaka 2027 betri za vifaa vya mkononi zitatakiwa ziwe za kutolewa na mtumiaji mwenyewe, badala ya kugandishwa kwa gundi. Hilo la gundi mafundi wetu wanalijua vizuri, wanalilaani kila siku.

Sisi hatukuhitaji kuanzisha. Tunao tayari. Pita pembezoni mwa stendi na sokoni, utawakuta chini ya mwavuli, meza ndogo ya kioo, mita, bloa, brashi ya meno na chupa ya spiriti. Kijana wa miaka ishirini anasoma bodi yenye nyaya nyembamba kuliko unywele. Huyu angekuwa Amsterdam angepigwa picha akawekwa gazetini. Hapa tunamwita "fundi uchwara", na mtu akionekana ameinama kwenye meza yake inahesabiwa kwamba mambo yake si mazuri. Simu iliyofungwa rababendi imekuwa aibu, hasa kwa vijana wanaotaka simu mpya kila Idi, na sasa wanazikopa kwa malipo ya kila siku, siku ukichelewa simu inajifunga yenyewe (mkataba wa aina hii una maswali yake ya kifiqhi ambayo yanataka makala nyingine).

Aibu hii tumeitoa wapi? Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, miongoni mwa aliyoyataja ni kushona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Anas bin Malik (r.a.), kama ilivyo katika Muwatta ya Imam Malik, alimwona Sayyidna Umar wakati akiwa kiongozi wa Waislamu, kati ya mabega yake pana viraka vitatu, kimoja juu ya kingine. Dola za Fursi na Rumi zinatetemeka, yeye ana kiraka juu ya kiraka! Na Imam Ghazali katika Ihyaa, anapoeleza elimu zilizo faradhi ya kutosheleza, hakuishia kwenye tiba na hesabu. Ametaja kilimo, ufumaji, ushonaji, hata upigaji chuku. Hoja yake ni kwamba mji ukikosa watu hao, watu wake wataingia kwenye dhiki na wote watakuwa na dhambi. Mimi naona leo hii, ambapo mama muuza mchicha analipwa kwa simu, mgonjwa anaitiwa gari kwa simu, na ada ya mtoto inatumwa kwa simu, fundi mwaminifu wa simu ameingia kwenye orodha ile.

Nimesema mwaminifu. Hapa nawageukia mafundi wenyewe, kwa sababu watu wengi, hasa akina mama na mabinti, hawatupi simu kwa kiburi. Wanaogopa. Simu ina picha za familia, ina ujumbe, ina namba za siri za fedha. Tumesikia ya betri nzuri kubadilishwa na mbovu, ya picha kuzagaa mtaani, ya simu za wizi kufutwa namba na kuuzwa upya. Hofu hiyo ikiwepo, hadithi zote nilizozitaja hazitamfanya binti ampelekee fundi simu yake. Ataivunja kwa jiwe aitupe chooni. Fundi anayefungua picha za mteja amehini amana kama aliyefungua barua ya mtu, na amewafukarisha wenzake wote wa meza ile.

Ndiyo maana kwenye madrasa tunapofundisha tulijaribu jambo wakati wa likizo ya Desemba. Mafundi watatu walikubali kukaa barazani siku ya Jumamosi kuanzia saa tatu hadi adhuhuri, simu inafunguliwa mbele ya mwenyewe, anaona kila skrubu inayotoka. Akina mama walikuwa na fundi wao, binti aliyesomea umeme kwenye chuo cha ufundi. Hatukutoza, aliyetaka kutoa alitoa, tukawagawia mafundi nauli na chakula. Vilikuja vitu vya kila namna: pasi, feni, redio, jagi la umeme, televisheni ya chogo iliyobebwa na bodaboda. Nilichojifunza ni kwamba vingi havikuwa vimekufa. Tundu la chaji lilijaa vumbi la Shinyanga, fundi akalisafisha kwa brashi na sindano, simu ikaingia moto. Feni ilitaka kapasita tu. Pasi ilikatika waya karibu na plagi. Vitu viwili tulivikataa kabisa, simu zilizovimba betri, tukaziweka kando kwenye ndoo ya mchanga, kwa sababu betri ile ikitobolewa inalipuka moto.

Alikuwepo kijana mmoja aliyetoka machimboni Geita, amekuja kumwona mama yake. Fundi alipofungua simu yake akaomba aoneshwe dhahabu iko wapi. Fundi akamwonesha vile vijimeno vya njano vinavyogusana na laini. Kijana akasogeza jicho, akanyamaza, akauliza, "Hii ndiyo tunayoifia?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka sana.

Zile zilizoshindikana tuliomba ziachwe kwenye sanduku, baada ya mwenyewe kutoa laini na kadi na fundi kufuta kilichomo. Hapa natoa tahadhari kubwa. Mtu asisome makala hii akaenda kuchoma waya apate shaba au kununua tindikali apate dhahabu. Moshi wa zile nyaya ni sumu, kioo cha televisheni ya chogo kina risasi, na tindikali hiyo ukiimwaga uani umeimwaga kisimani. Tutakuwa tumetoka kwenye zebaki tukaingia kwenye jingine. Taka hizi zina kanuni zake tangu mwaka 2021 chini ya Sheria ya Mazingira, zinatakiwa zikabidhiwe kwa wenye kibali, na NEMC ndio wa kuulizwa. Sanduku moja halisafirishwi kwa faida. Masanduku ya misikiti ishirini ya Shinyanga, Kahama na Geita yakikusanywa pamoja, mnunuzi mwenye kibali atatuma gari mwenyewe.

Na vifaa vya mafundi je? Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipopita Damascus alikuta wakfu wa namna ya ajabu. Kijana mtumwa aliangusha sahani ya kauri ikavunjika, watu wakamwambia aokote vipande akampelekee msimamizi wa wakfu wa vyombo, na akapewa fedha ya kununua sahani kama ile, asije akapigwa nyumbani. Wakfu kwa ajili ya vitu vilivyovunjika! Sisi wakfu tunaujua kwa shamba na nyumba za kupangisha. Mita moja, bloa moja na seti ya bisibisi vikiwekwa wakfu kwenye madrasa, bei yake haifiki ya zulia moja la msikitini.

Limebaki jambo ambalo sikuweza kulimaliza mwenyewe, na wazee wa msikiti wameniuliza mara mbili. Masanduku yale yakiuzwa, fedha ni ya nani? Simu iliyotolewa na mwenyewe kwa nia ya sadaka haina utata, ni ya msikiti. Lakini zipo zilizookotwa dampo na watoto. Wapo wanazuoni waliosema kwamba kitu ambacho mwenyewe amekitupa kwa kukikataa ni cha aliyekiokota, na kwa kauli hiyo fedha ni ya watoto wale, si ya msikiti wala ya madrasa. Wengine mtaani wamesema hiyo ni kama rikazi, itolewe moja ya tano. Mimi siioni kuwa rikazi, kwani rikazi ni hazina iliyozikwa na watu wa kale, na hawa waliozika tunawajua kwa majina. Wala siioni kuwa madini ya mgodini ambayo Hanafi wanatoza moja ya tano na Shafi na Maliki moja ya arobaini, maana haya yameshachimbwa mara moja na zaka yake ilikuwa juu ya aliyeyachimba. Naegemea kwenye haki ya watoto. Masheikh wenye elimu ya mlango huu watufafanulie kupitia gazeti hili, sanduku bado limefungwa na ufunguo uko kwa katibu wa msikiti.